SOMO LA KWARESIMA: KURUDI KANISANI BAADA YA MIAKA MINGI

Masomo ya kusoma kwanza: Luka 15:11–32, Matendo 13:13 na 15:36–39, 2 Timotheo 4:11.



Kwaresima imeingia tena, na kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, tunaleta somo la kusomwa nyumbani na kujadiliwa katika jumuiya zetu za mitaa. Somo la safari hii linawahusu watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyebatizwa, akapokea Kipaimara, kisha akakaa mbali na kanisa kwa miaka mingi, na sasa moyo wamwambia arudi. Wa pili ni yule ambaye hakuondoka kamwe, na kila Jumapili yupo katika benchi lake. Twamwomba huyu wa pili asiliruke somo akidhani si lake. Huenda linamhusu yeye zaidi.

Kwaresima ndiyo majira yafaayo kwa jambo hili. Katika Kanisa la kale siku hizi hazikuwa za kufunga chakula peke yake. Zilikuwa pia siku za kuwatayarisha wale waliokuwa wametengwa ili warudishwe kundini kabla ya Pasaka. Huko Roma, katika karne ya 5, walirudishwa Alhamisi Kuu, ili Pasaka isiwakute nje. Basi tujiulize: Pasaka hii itawakuta nani nje, hapa kwetu?

1. WALIOKWENDA MBALI NI NANI?

Tukisema "waliopotea", mara nyingi twafikiria mlevi au mtu aliyemkana Mungu kwa kinywa chake. Watu wa namna hiyo wapo, lakini si wengi. Tukihesabu kwa haki ndugu zetu walioacha kuja, tutaona sababu zao ni za kawaida sana.

Yupo aliyekwenda mjini kutafuta kazi, akapangiwa zamu ya Jumapili, na zamu ilipobadilika miaka mitatu baadaye tayari alikuwa amezoea kulala. Yupo aliyeoana kimila au bomani, akaona aibu kuketi wakati wenzake wanakwenda altareni. Yupo aliyegombana na mzee mmoja wa kanisa juu ya kiwanja au juu ya fedha za ujenzi, akaapa kwamba hatakanyaga tena. Yupo mama aliyefiwa na mtoto, akangoja watu wa kanisa waje kumpa pole, nao hawakuja. Yupo aliyekosa nguo ya kuvaa, kisha akakosa sadaka ya kutoa, kisha akakosa ujasiri. Na wapo wengi ambao hawawezi kutaja siku waliyoondoka. Jumapili moja aliumwa, ya pili mvua ilinyesha, ya tatu alikuwa na mgeni; ya nne aliona haya kuulizwa alikuwa wapi.

Wengi wa hawa hawakuondoka kwa hasira. Waliteleza. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini mtu anayeendelea kuteleza mteremkoni, bila wa kumshika mkono, hufika mbali kuliko alivyokusudia. Akiwa na miaka ishirini alikuwa mwimbaji wa kwaya. Akiwa na miaka hamsini anapita nje ya kanisa, anasikia kengele, anaharakisha mwendo.

Kisha huja siku ambayo jambo fulani humwamsha. Pengine ni ugonjwa, au kustaafu na kurudi nyumbani, au kuzaliwa kwa mjukuu, au maziko ya rafiki wa ujana wake. Moyoni anajiuliza, "Je, naweza kurudi? Nitaanzia wapi? Watasemaje?" Maswali hayo matatu ndiyo tutakayojaribu kuyajibu.

2. JINA LAKO HALIKUFUTWA

Tuanze na swali la kwanza: Je, naweza kurudi?

Katika shule kuna madaftari mawili yanayomhusu mwanafunzi. La kwanza ni daftari la uandikishaji. Humo jina la mtoto huandikwa mara moja tu, siku anapoingia shuleni, naye hupewa namba yake. La pili ni daftari la mahudhurio, ambalo mwalimu huliita kila asubuhi. Mtoto akikosa shule muhula mzima, daftari la mahudhurio litakuwa na mapengo, na mwalimu mwaminifu hawezi kuyajaza kwa uongo. Lakini siku mtoto yule anaporudi, hapewi namba mpya. Namba yake ni ile ile ya siku ya kwanza. Ni mwanafunzi wa shule ile, ingawa amekosa masomo mengi.

Ndivyo ulivyo Ubatizo wetu. Kila tunapoikiri Imani ya Nikea tunakiri kwamba Ubatizo ni mmoja tu. Hatuurudii. Mtu aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, akakaa mbali miaka thelathini, akirudi leo habatizwi tena, wala hapewi Kipaimara mara ya pili. Jina lake limo katika daftari la Ubatizo la parishi ile alikobatizwa, pamoja na majina ya wazazi na wasimamizi wake. Mapengo ya mahudhurio ni mengi, ndiyo, na hatuyafichi. Lakini uandikishaji ni kazi ya Mungu, nao haufutiki kwa uzembe wetu.

Kanisa letu la Anglikana limelisema jambo hili waziwazi. Katika zile Ibara 39 za Dini, zilizokamilishwa Uingereza mwaka 1571, Ibara ya 16 yahusu dhambi itendwayo baada ya Ubatizo. Yafundisha kwamba mtu aliyekwisha kupokea Roho Mtakatifu aweza kuiacha neema na kuanguka, na kwamba kwa neema ya Mungu aweza kuinuka tena na kutengeneza maisha yake. Nayo yawakataa wale wanaomnyima msamaha mtu atubuye kweli. Basi asiyetaka kumpokea arudiye na kutubu asiseme anailinda dini yetu, kwa maana anafundisha kinyume chake.

3. MWANA ALIYEKUJA KUOMBA KIBARUA

Sote twaijua habari ya mwana mpotevu, na kwa sababu twaijua sana, mara nyingi hatuisomi vizuri. Fungueni Luka 15 mtazame jambo moja.

Kijana yule, akiwa bado kwa nguruwe, alitunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake. Maneno yale yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, kwamba amekosa mbele ya Mungu na mbele ya baba. Ya pili, kwamba hastahili tena kuitwa mwana. Ya tatu, ombi lake: afanywe kama mmoja wa watumishi wa mshahara. Kwa lugha ya leo, alikuja kuomba kibarua. Alidhani kwamba nyumbani kwao nafasi ya mwana imekwisha kufungwa, ila huenda nafasi ya kazi ikapatikana.

Sasa soma mstari wa 21, ulinganishe na mstari wa 18 na wa 19. Alipofika mbele ya baba alisema sehemu ya kwanza, akasema na ya pili. Ya tatu haimo. Baba hakumpa nafasi ya kuisema. Alikwisha kugeuka kuwaagiza watumishi walete vazi, pete na viatu, wachinje na ndama.

Maana yake ni hii. Kuungama kwake kulisikilizwa. Baba hakumzuia kukiri kosa, kwa kuwa kukiri kosa ni kwema. Lakini ombi la kibarua halikupata masikio. Katika nyumba ile mwana hawezi kurudi kwa cheo cha kibarua, hata akitaka mwenyewe.

Wengi wanaorudi kanisani huja na ombi lile la tatu mfukoni. Husema, "Mimi nikae nyuma tu. Mimi nisikilize tu. Mambo ya Komunio si ya watu kama mimi." Huo waonekana kuwa unyenyekevu, na pengine kwa siku za kwanza ni unyenyekevu wa kweli. Lakini ukidumu huwa ni kumkatalia Baba vazi alilokwisha kuagiza. Ndugu yetu unayerudi, ungama sehemu ya kwanza na ya pili. Ya tatu iache njiani.

4. KANISA LA AFRIKA LILIPOJARIBIWA

Huenda msomaji akauliza: Je, si kuwarahisishia mno? Si tutawafundisha watu kwamba waweza kuondoka na kurudi wapendavyo? Swali hili ni la haki, nalo ni la zamani. Kanisa lilipambana nalo hapa hapa katika bara letu la Afrika, miaka karibu 1,800 iliyopita.

Mwaka 250, Kaisari Decius wa Roma alikuwa ametoa amri kwamba watu wote katika dola yake watoe dhabihu kwa miungu, na kila mmoja apate hati ya kuthibitisha kwamba ametii. Nakala zaidi ya arobaini za hati hizo zimepatikana huko Misri, zimeandikwa juu ya mafunjo. Wakristo wengine walikataa wakateswa. Wengine, na walikuwa wengi sana, walikwenda kutoa dhabihu. Wengine hawakutoa, ila walitoa rushwa wakanunua hati.

Mateso yalipopungua, watu hawa walianza kurudi milangoni mwa makanisa wakilia. Askofu wa Karthago, mji uliokuwa karibu na ulipo sasa mji wa Tunis, alikuwa Mtakatifu Sipriani. Upande mmoja walikuwako waliotaka kila mtu apokelewe mara moja bila neno. Upande wa pili, huko Roma, alisimama padre Novatian, aliyesema walioanguka wasipokelewe kamwe, hata watubu namna gani; naye akajitenga na Kanisa akaanzisha lake.

Sipriani hakukubali upande wowote kati ya hizo mbili. Mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, wakaamua kwamba kila mtu aangaliwe peke yake. Walionunua hati waliweza kurudishwa baada ya kuchunguzwa. Waliotoa dhabihu walipewa toba ya muda mrefu, na kama wakikaribia kufa warudishwe. Baada ya muda mfupi ikaonekana kwamba mateso mengine yanakuja. Hapo maaskofu wakaamua kwamba wote waliokuwa katika toba warudishwe. Sababu yao ilikuwa hii: hatuwezi kuwaambia watu wamwage damu yao kwa ajili ya Kristo, huku sisi tumewanyima kikombe cha Damu yake. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani tarehe 14 Septemba 258.

Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea nao ulitoa kanuni juu ya watu walioikana imani bila hata kulazimishwa. Walipewa miaka 3 ya kusikiliza Neno, miaka 7 ya kupiga magoti katika toba, na miaka 2 ya kusali pamoja na wengine bila kupokea Komunio. Jumla ni miaka 12. Hata hivyo Mtaguso ule ule uliagiza kwamba mtu aliye karibu kufa asinyimwe Komunio.

Twajifunza nini? Kwanza, Kanisa halikusema kosa si kosa. Pili, hata adhabu ile ya miaka 12 ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa altareni. Tatu, mlango uliofungwa moja kwa moja ulikuwa mlango wa Novatian. Na sisi leo, ambao ndugu zetu hawakutoa dhabihu kwa sanamu ila walikosa tu kuja kwa sababu ya zamu, au ugomvi, au aibu, je, tutakuwa wagumu kuliko Nikea?

5. AIBU YA MTU MZIMA

Kuna kizuizi kingine ambacho wanaokaa kanisani hawakioni, kwa kuwa wao wamezoea. Mtu aliyeondoka zamani akirudi hukuta mambo yamebadilika. Hajui wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti. Nyimbo nyingine hazijui. Vijana walioko mbele yake wanajibu sala bila kutazama kitabu, yeye anatafuta ukurasa. Mtoto asiyejua hujifunza bila kujali; mtu mzima asiyejua huona kwamba kila jicho linamtazama.

Nchi yetu inalijua jambo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yaliyokuwa yetu mchana, sisi tuliokuwa watoto wakati ule, yakawa ya wazazi jioni. Watu wenye mvi waliketi katika madawati ya watoto, wakashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Waliofanikiwa hawakuwa wenye akili nyingi kuliko wenzao. Walikuwa wale walioshinda aibu ya siku za kwanza, na waliopata mwalimu asiyecheka.

Hata miongoni mwa watakatifu tunaye mfano. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimlea katika imani, na tangu utoto aliwekewa ishara ya msalaba, ingawa hakubatizwa. Alipokua aliliacha Kanisa, akawafuata walimu wa dini nyingine kwa miaka karibu tisa. Monika hakuacha kumwombea. Augustino aliporudi alikuwa amepita miaka thelathini, naye alikuwa mwalimu mwenye jina katika mji wa Milano. Mtu huyu msomi aliandikisha jina lake pamoja na wanaofundishwa, akabatizwa na Askofu Ambrosio katika Pasaka ya mwaka 387. Tena waliobatizwa pamoja naye ni rafiki yake Alypius, na mwanawe mwenyewe Adeodatus, kijana wa miaka karibu kumi na mitano. Baba na mtoto katika darasa moja! Kama mwalimu yule hakuona haya kuketi pamoja na mwanawe, sisi tuone haya ya nini?

6. NITAANZIA WAPI?

Kwa anayerudi, twatoa mashauri haya machache.

Kwanza, njoo kabla hujajitengeneza. Wengi husema, "Nikiisha kuacha pombe nitakuja; nikiisha kutengeneza ndoa nitakuja." Mgonjwa hangoji apone ndipo aende hospitali. Njoo, usikilize Neno, usali. Mengine yatatengenezwa ukiwa ndani.

Pili, mwone Padre mapema. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 chamshauri mtu ambaye dhamiri yake haitulii aende kwa padre akamfunulie huzuni yake, apate faraja na maondoleo. Hatulazimishi maungamo ya faragha, lakini yapo, na kwa mtu aliyekaa mbali miaka mingi yana msaada mkubwa. Unayoyasema pale hubaki pale.

Tatu, kama shida yako ni ndoa, mpelekee Padre na si watu wa nje. Mara nyingi lililoonekana kuwa mlima ni kubariki ndoa tu. Pengine litachukua muda mrefu. Katika muda huo endelea kuja. Ibada ni yako, Neno ni lako, sala ni zako.

Nne, kama ulibatizwa mahali pengine, omba cheti chako cha Ubatizo kutoka parishi ile. Kama hakipatikani, mwambie Padre yote unayoyakumbuka.

Tano, usiogope kadi ya zaka. Hakuna mtu anayelipia miaka aliyokosa ili aingie mlangoni. Anza kutoa ulicho nacho tangu siku uliyorudi.

Sita, na hili ni kubwa: jihadhari na Jumapili ya pili. Jumapili ya kwanza mtu huletwa na moyo uliojaa. Ya pili moyo umepoa, na shetani amekwisha kumwambia kwamba jana walimtazama vibaya. Aliyeshinda Jumapili ya pili, ya tatu na ya nne, huyo amerudi.

7. SISI TULIOBAKI

Sasa twafika kwa msomaji wa pili. Katika Luka 15 habari haiishi kwa ndama. Inaishia nje ya mlango, ambako mwana mkubwa amesimama anakataa kuingia. Mtazameni: hakukosa siku hata moja shambani, na sasa ndiye aliye nje. Tena baba alimtokea yeye pia akamsihi. Bwana wetu hakutuambia kama aliingia. Jibu amelikabidhi kwetu.

Tutoe mfano mmoja, bila kutaja jina wala parishi. Mtu mmoja alistaafu kazi mjini, akarudi kijijini kwao. Alikuwa hajaingia kanisani miaka kumi na tisa. Jumapili moja alivaa shati lake safi akaenda. Mlangoni jamaa mmoja alicheka kwa sauti: "Leo mvua itanyesha!" Watu wakageuka. Wakati wa matangazo wageni waliombwa kusimama wajitambulishe, na mwenzake wa benchi akamsukuma asimame, yeye aliyebatizwa katika kisima kile kile. Mwishoni yalisomwa majina ya wenye madeni ya ujenzi, na jina la marehemu baba yake likawamo. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Nilikwenda kumtafuta Mungu, nimekuta hesabu." Hakwenda tena.

Aliyemrudisha alikuwa bibi mmoja mzee wa Umoja wa Mama. Alifika kwake Jumamosi jioni, wakaamkiana, akanywa chai, akazungumza habari za mihogo na za wajukuu. Hakuuliza lolote juu ya miaka kumi na tisa. Alipoinuka kuondoka alisema, "Mwanangu, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri njiani. Kesho asubuhi nitapita hapa unishike mkono twende wote." Akajibu, "Haya, mama." Akamshika mkono Jumapili ile, na iliyofuata, na nyingine nyingi. Bibi yule alipofariki, yeye alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake.

Wale wa kwanza hawakuwa watu wabaya. Aliyecheka alifanya utani wa kawaida. Mwenye kusoma majina alisoma alichopewa. Lakini mizaha mitatu midogo na desturi mbili zisizofikiriwa zinatosha kumrudisha mtu gizani. Na mtu aliyejaribu mara moja akashindwa, mara ya pili ni vigumu zaidi. Kuna wengine huingia kanisani mara nyingine wakiwa ndani ya jeneza tu, nasi tunasimama kuwasifu wakati masikio yao hayasikii.

Basi yatupasa kufanya nini?

Tumsalimie arudiye kama tunavyomsalimia yeyote, kila mtu kwa heshima ya umri wake. Tusimwulize alikuwa wapi. Akitaka kusema atasema. Tusimsimamishe pamoja na wageni. Tusimtake atoe ushuhuda mbele ya watu siku ya kwanza. Tumfungulie kitabu ukurasa unaotakiwa, kimya kimya. Kama kuna deni, wazee walizungumze naye kwake, kwa wakati wake. Na aliyotueleza tusiyapeleke kisimani.

Kisha tumpe kazi ndogo. Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge akarudi nyumbani. Baadaye Barnaba alitaka kumchukua tena safarini, Paulo akakataa, hata mitume wale wawili wakatengana. Barnaba alimchukua Marko akaenda naye Kipro. Miaka ilipita, na Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Mtu aliyekataliwa alikuja kuhitajiwa na yule yule aliyemkataa. Lakini katikati ya kukataliwa na kuhitajiwa alisimama Barnaba. Bila Barnaba, Marko angebaki kuwa kijana aliyekimbia.

Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa maji ni kweli. Kwa watu wa Mungu, Injili yasema vingine. Wahenga hao hao walisema pia, kawia ufike. Tuishike hiyo, nasi tuwe Barnaba wa mtu mmoja kabla ya Pasaka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mtaa wenu, ni sababu zipi zinazowafanya watu waache kuja kanisani? Tajeni sababu, msitaje majina.
2. Linganisheni Luka 15:18–19 na mstari wa 21. Ni maneno gani yameachwa, nasi twajifunza nini?
3. Kwa nini Kanisa halimbatizi tena mtu anayerudi?
4. Maaskofu wa Afrika mwaka 251 waliamua kila mtu aangaliwe peke yake. Je, uamuzi huo ni bora kuliko kuwa na hukumu moja kwa wote? Toeni sababu.
5. Ni desturi gani katika ibada yetu ya Jumapili inayoweza kumwaibisha mtu anayerudi? Yawezaje kurekebishwa bila kuharibu utaratibu?

Kazi ya wiki: Kila mmoja amchague mtu mmoja aliyekaa mbali. Amwombee kwa jina siku saba. Siku ya nane amtembelee, asiseme juu ya kanisa mpaka wamalize chai.

TUOMBE

Ee Baba, wewe uliyetuandika jina siku ya Ubatizo wetu, uwakumbuke ndugu zetu wanaotamani kurudi wakaogopa. Uwape nguvu za Jumapili ya kwanza na uvumilivu wa Jumapili ya pili. Sisi tulio ndani utuondolee ulimi wa dhihaka na moyo wa mwana mkubwa, ili Pasaka itukute sote mezani pako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.